Chenso Nzito ya Jeremia

Mume wangu Jeremia anakata miti, na mimi ndiye ninayemshikia kamba. Nalisema mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele, maana hapa Mwandiga wapo wanaume ambao mpaka leo jambo hilo limewakaa kooni. Eti mwanamke anashika kamba! Ndiyo, anashika. Jina langu ni Veneranda, ila watu wananiita Mama Bariki, na wanaosema nina mdomo hawajakosea.

Kazi yenyewe si ya kuangusha miti msituni. Jeremia anakata mataruma. Kwa asiyejua, mataruma ni zile mbavu za ndani ya boti, zinazoshika mbao za upande huu na upande ule. Taruma zuri halichongwi kwenye ubao ulionyooka, kwa sababu likichongwa hivyo ziwa likichafuka mara moja tu linavunjika. Linatafutwa juu ya mti, tawi lililojipinda lenyewe tangu likiwa changa. Mafundi wa boti wa Ujiji na Kibirizi wanazunguka vilimani shingo juu, na wakiona tawi lenye kona wanayoitaka, wanampigia simu Jeremia. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sawa, lakini kabla ya kuundwa kuna mume wa mtu amepanda mtini na chenso, ule msumeno wa mashine.

Na tawi hilo halitakiwi kuanguka. Likipiga chini linapata ufa wa ndani ambao hauonekani mpaka boti liwe majini na watu wamo. Kwa hiyo kamba inapitishwa kwenye panda ya juu, ncha moja inafungwa kwenye tawi, na nyingine inazungushwa kwenye shina la mti wa jirani. Mtu wa chini anaishika na kulishusha tawi taratibu. Mtu huyo sasa ni mimi. Zamani alikuwa Anatoli.

Anatoli na Jeremia walikuwa wakipokezana, leo huyu juu, kesho yule. Siku moja ilikuwa zamu ya Anatoli. Ncha ya chenso ikigusa mti vibaya, mashine yote inaruka nyuma kumfuata aliyeishika. Wenyewe wanasema imepiga teke. Ilimpiga Anatoli pajani akiwa juu, na Jeremia alipanda akamteremsha mgongoni, damu inamtiririka mpaka kwenye viatu. Anatoli yuko hai, Mungu ashukuriwe, anauza vocha pale stendi ya Mwandiga, na mguu wake mmoja haukunjiki.

Baada ya hapo niliishi kwa mateso. Nikiwa nyumbani nasonga ugali, bodaboda ikipunguza mwendo karibu na mlango wetu, mwiko unanitoka mkononi. Nilikuwa najua wanakuja kuniambia. Kumbe ni mtu anauliza njia, au anamshusha jirani. Nilivumilia wiki chache nikashindwa. Nikamwambia, "Baba Bariki, kama lazima upande, kamba naishika mimi. Nikae hapa nife kwa presha? Bora nione kwa macho yangu." Alicheka, akaniambia mikono yangu ni ya kukamulia mawese. Nikamjibu kwamba anayekamua mawese tangu utotoni hashindwi na kamba.

Kwa hiyo mimi nilikuwa chini naogopa, na yeye juu anapiga mluzi. Mluzi ule nilikuwa nauchukia! Mtu yuko juu, chini mawe, mkononi ana mashine iliyomlemaza rafiki yake, na anapiga mluzi. Nilijisemea moyoni, huyu mwanaume ama hana akili ama hana watoto. Na akili anazo, na watoto tunao watatu.

Mwaka huu, masika yalipoisha, chenso yetu ya zamani ilikufa. Ilikuwa ndogo, imechoka, imeungwa kwa waya kila mahali. Wakati huohuo Mzee Hamdani, fundi wa boti wa Ujiji, alikuwa amepata oda ya boti kubwa la mizigo, na alikuwa ameona mkwaju juu ya Kibirizi, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Alikuja nyumbani yeye mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee Hamdani," nikamwamkia.

"Marahaba, mama. Jeremia yupo? Nimeona mkwaju, mama, mkwaju! Matawi yake utadhani kuna mtu aliyapinda kwa ajili yangu."

Mimi niliposikia mkwaju, moyo ulishuka. Mkwaju ni mti mgumu, nyuzi zake zimesokotana, chenso inapita kwa shida. Nikamwangalia Jeremia. Jeremia akasema, "Hakuna neno, mzee. Tunanunua mashine mpya."

Tukaenda Mwanga sokoni. Duka la kwanza ni la dada mmoja anaitwa Diana, anauza chenso na pampu za maji, na nyuma ya duka ana fundi na rafu imejaa spea. Alitutolea chenso ndogo, nyepesi, ya kilo nne hivi. Akamwambia Jeremia, "Kaka, ishike kwa mikono yote miwili mbele yako, kama vile uko juu ya mti. Usiishushe." Jeremia akaishika. Tukaongea, tukaulizana habari za mvua na bei ya samaki wa mgebuka, Jeremia bado ameishika. Diana akaiwasha, kisha akasukuma kile kibao kilichoko mbele ya mkono, na mnyororo ukasimama hapohapo. "Hii ndiyo breki," akasema. "Ikipiga teke, mkono wako unagonga hapa, mnyororo unasimama kabla haujakufikia. Na ikiharibika unaniletea, kifaa ninacho, fundi yule pale."

Jamani, mimi nilitaka kulia. Nilimwazia Anatoli na paja lake. Nikamwambia Jeremia, "Hii hii. Funga, tuondoke."

Jeremia akauliza, "Ina nguvu gani?"

"Cc thelathini na nane," akasema Diana. "Kwa kazi ya juu ya mti inatosha, ila kwenye mti mgumu lazima uwe na subira. Mnyororo uwe umenolewa, na usiilazimishe."

"Taruma moja la mkwaju itachukua muda gani?"

Diana akainua mabega. "Itachukua muda wake, kaka."

Nikaona uso wa Jeremia umebadilika. Akairudisha mezani kistaarabu, akasema tutarudi. Nje nikamwuliza kuna nini. Akasema, "Inakata polepole." Nikamwambia polepole ndiyo mwendo. Akaongeza hatua.

Mtaa wa pili kuna bwana anaitwa Thobias, anauza kila kitu kinachonguruma. Hana fundi, hana rafu ya spea, ana kipaza sauti mlangoni na mdomo kuliko wangu. Alitoa chenso moja kubwa, rangi yake mbichi, upanga wake unaozungukwa na mnyororo ni mrefu kama mkono wangu kutoka begani. Jina lake hata halisomeki. "Cc sabini na mbili!" Thobias akasema. "Hii ni ya wanaume. Mkwaju kwake ni siagi." Akaiwasha pale barabarani, wamama waliokuwa wanauza dagaa wakaziba masikio. Akachukua gogo akalipitisha. Kweli, ilikuwa kama anakata muhogo.

Nikaibeba. Yebaba we! Kilo saba na ushee, na mafuta hayajatiwa mpaka juu. Nikamwambia, "Baba Bariki, hii utapanda nayo wapi? Ukinyoosha mkono nayo si itakung'oa bega? Na spea zake zinapatikana wapi?"

"Mama, mashine mpya haitaki spea," Thobias akadakia.

"Sijakuuliza wewe!"

Jeremia hakuniangalia mimi wala Thobias. Alikuwa anaangalia lile gogo lililokatika. Akasema kwa sauti ndogo, "Inakata haraka."

Akainunua. Na ilikuwa rahisi kuliko ile ya Diana, jambo ambalo lingetosha kumfungua mtu macho, maana rahisi ni ghali. Njia nzima mpaka Mwandiga niliongea. Nilimwambia ni majivuno. Nilimwambia anataka vijana wa kijiweni waseme Jeremia ana dude kubwa. Nilimwambia Anatoli naye alikuwa na kifua, sasa yuko wapi. Dereva wa bajaji akaongeza sauti ya redio. Jeremia aliikumbatia ile chenso mapajani.

Wiki ya kwanza haikuisha, breki ikavunjika. Kile kibao cha mbele kikaanza kucheza, kisha kikawa kinaufunga mnyororo chenyewe katikati ya kazi. Jeremia akachukua kipande cha tyubu ya baiskeli, akakifunga kibao kwa nyuma ili kisisogee. Unaelewa maana yake? Maana yake ni kwamba chenso sasa haina breki. Ikipiga teke, inakuja yote na mnyororo wake unazunguka.

Nilimwambia hapandi. Nikalifunga lile dude kwenye kanga, nikapanda gari kwenda Mwanga kutafuta kifaa. Thobias akaniambia, "Mama, mimi nauza, sitengenezi." Nilimpa maneno ambayo siyaandiki hapa. Nikazunguka Mwanga, nikaenda Gungu, nikampigia simu shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam akaulizie huko. Kila fundi anaigeuza, anaitazama chini na juu, anasema hii sijawahi kuiona. Mwisho nikaingia kwa Diana kwa aibu. Hakunicheka. Alimwita fundi wake, wakajaribu kifaa hiki na kile, hakuna kilichoingia. Diana akaniambia, "Dada, msiitumie hii juu. Chini, labda. Juu, hapana."

Nikamwambia Jeremia maneno ya Diana. Akasema matawi ya Mzee Hamdani yamebaki machache na mzee anasubiri. Akasema atakuwa mwangalifu. Nikamwambia kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Akasema, "Na watoto wa kunguru wanakula nini?" Basi, nikaitafuta kamba yangu.

Siku ya tawi kubwa tulifika Kibirizi asubuhi, jua limeshapanda, ziwa limetulia. Huko chini watu walikuwa wanaanika dagaa, unawaona wadogo.  Mimi tangu nyumbani sikuwa nimekula kitu. Mzee Hamdani alikuwa na kipande chake cha nondo alichokikunja kwa umbo la taruma analolitaka, akawa anakiinua kwa mkono, anafumba jicho moja, analinganisha na tawi. "Lile pale, mwanangu! Hilo ndilo la katikati. Boti zima linakaa juu ya hilo."

Jeremia akapanda na panga lake la kukatia vitawi, akalining'iniza kwenye panda. Akajifunga kwenye shina kwa kamba yake. Kisha tukamvutia chenso, naye akaifunga kiunoni kama wanavyofanya wakataji wote wa huku: kipande cha kamba ya nyavu, ncha moja kwenye mpini, nyingine kwenye mkanda. Wanafunga hivyo ili ikiponyoka isianguke, maana chenso ni mali. Na kamba ya nyavu ni kamba kweli, haikatiki hata ivute mtumbwi mzima. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba hilo ndilo kosa.

Hakupiga mluzi siku ile. Hilo lilinitisha kuliko mluzi wenyewe.

Akawasha. Mlio ukajaa kilima kizima. Mimi nimezungusha kamba ya tawi kwenye shina la mti wa pembeni, nimekaza miguu, macho juu. Niliona mikono yake inatetemeka kwa uzito. Alikuwa ameinyoosha mbele, mbali na mwili, na upanga ule mrefu unashuka wenyewe kabla hajaulenga. Ukaingia kwenye tawi. Ukaingia vizuri, machicha ya mti yanaruka. Nikaanza kusali Salamu Maria, nikakosea katikati, nikaanza upya.

Ghafla mlio ukazama. Tawi lilijikalia, likaubana upanga, na chenso ikazimika. Kukawa kimya. Halafu lile tawi likalia, "kra," mara moja.

Nikaona yote kwa wakati mmoja. Chenso imebanwa kwenye tawi. Jeremia amefungwa kwenye chenso. Tawi likienda, linaenda na chenso, na chenso inaenda na kiuno cha mume wangu, na yeye mgongoni amefungwa kwenye shina. Angekatika vipande viwili.

"Kata kamba!" nikapiga kelele. "Baba Bariki, kata kamba ya kiuno!"

Yeye akashika mpini wa chenso akaanza kuivuta. Anaivuta kulia, anaivuta kushoto, anataka kuitoa! Tawi likalia tena, na uzito wote ukanijia mikononi. Kamba ikaanza kuteleza. Nikajirusha nyuma, visigino vimezama kwenye udongo. Mzee Hamdani akatupa nondo yake akaja akashika kamba nyuma yangu, namsikia anasema, "La ilaha illallah, la ilaha illallah."

"Iache hiyo mashine!" nikaita. "Mjinga wewe, iache! Nilikwambia! Nilikwambia siku ile pale dukani, ukajifanya mwanaume! Kata!"

Akaacha kuvuta. Lakini hakukata. Alikuwa amekaa tu, mikono miwili imeshika mpini, anaangalia ule mpasuko unavyofunguka. Panga lake lilikuwa limening'inia kwenye panda, karibu na bega lake. Hakulitazama. Nikamwita, nikamtukana, nikamtaja mama yake. Hakusogea. Nikaelewa kwamba hasikii. Hofu ilikuwa imemfunga kuliko ile kamba.

Mzee Hamdani akasema sikioni mwangu, akihema, "Mama, usimgombeze. Mwongeleshe. Mwongeleshe tu."

Nimwongeleshe vipi? Mikono inaungua, haja ndogo imenitoka, ndiyo, nalisema, imenitoka pale mbele ya mzee wa watu.  Lakini nikasema, si kwa sauti kubwa, kama mtu anayemwamsha mtoto.

"Jeremia."

Huwa simwiti jina. Akageuza kichwa.

"Jeremia, panga liko begani kwako. Upande wa kulia. Nyoosha mkono tu."

Akanyoosha mkono. Vidole vyake viligusa panga, vikalikosa, vikalipata. Akaliweka kwenye kamba ya kiuno. Pigo la kwanza halikuikata. La pili halikuikata. Tawi likapiga ukelele mrefu, na kamba yangu ikaanza kwenda, inakwenda yenyewe, inapita kwenye viganja vyangu na ngozi yangu inabaki juu yake. Nikasema, "Tena, Jeremia. Tena." Nikaona mkono wake unashuka.

Sikuona tawi likianguka. Nilifumba macho. Nilisikia tu kilima kikitetemeka, na chuma kikivunjika kwenye mawe. Nilipofumbua, niliangalia juu kwa woga ambao siwezi kuueleza, maana nilitegemea kuona nusu ya mtu. Alikuwa mzima. Amekumbatia shina, shavu limegandamizwa kwenye gome.

Alichukua muda mrefu kushuka. Mzee Hamdani ilibidi amwambie pa kuweka kila mguu. Alipofika chini alikaa palepale kwenye mizizi. Chenso ilikuwa vipande chini ya tawi, na tawi lenyewe lilikuwa limepasuka katikati, taruma la boti zima limekuwa kuni. Mzee Hamdani hakulitazama hata mara moja. Alivua kofia yake akaanza kuifuta jasho, kofia badala ya kichwa.

Mimi nilikuwa nimeshapanga maneno. Nilikuwa nayo mengi, yamejipanga mdomoni. Nikamwendea, viganja vinatoka damu, nikafungua kinywa.

"Nilinunua kubwa ili nimalize upesi nishuke," akasema.

Nikasimama.

"Ile ndogo ingenikalisha juu muda mrefu. Nikaona hii inakata haraka. Dakika chache, nimeshuka. Ndicho nilichokuwa nakitaka, Mama Bariki, kushuka. Tangu Anatoli, kila nikipanda nafikiria kushuka tu. Naogopa. Usiku kabla ya kazi silali. Ule mluzi nilikuwa naupiga ili meno yasigongane."

Nikakaa chini.  Kumbe miaka yote hii tumekuwa waoga wawili kitanda kimoja, kila mmoja amegeukia ukuta wake. Na mimi njia nzima kutoka dukani nilikuwa namwita mwenye majivuno.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Ningekwambia naogopa, ungeniambia niache."

"Ningekwambia, ndiyo!"

"Na mimi ningeacha," akasema. "Halafu?"

 Mashamba yetu tunayajua wenyewe, hayalishi watoto watatu. Nikamshika kichwa nikakiweka begani kwangu, akalia, mwanaume mzima, na Mzee Hamdani akageuka akawa anaangalia ziwa.

Wiki tatu viganja vyangu vilikuwa vimefungwa. Akina mama wa ukoo walikuja kunisaidia kukamua mawese, na tulipoyauza tulirudi kwa Diana. Safari hii mimi nilikaa kwenye benchi, nikanyamaza, na kama mnanijua mtajua hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kamba. Jeremia akaiomba ile nyepesi. Akaishika mbele yake, mikono imenyooka, akasimama nayo. Akaishika mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso, na bado ncha ya upanga ilikuwa haijashuka. Akaiweka.

"Breki ikivunjika?" akauliza.

Diana akaenda kwenye rafu, akarudi na kifaa chenyewe ndani ya mfuko wa nailoni, akakiweka mezani. Jeremia akakigeuzageuza.

"Na mtu akiwa juu anaogopa, anafanyaje?"

Fundi wa nyuma aliacha kupiga nyundo. Diana alimtazama, akaona hafanyi mzaha. Akasema, "Anashuka, kaka. Anapumzika, anapanda tena. Chenso haitakwenda popote. Na kiunoni usiifunge kwa kamba ya nyavu tena. Funga kwa uzi wa katani, ambao ukivutwa kwa nguvu unakatika. Chenso ikienda, iende peke yake."

Tukarudi Kibirizi kwenye mkwaju uleule. Ulikuwa na tawi jingine la kufaa upande wa ziwa, na Mzee Hamdani alikuja na vijana wake wanne wa kazi, wa kubeba. Hakusimama chini ya mti safari hii, alikaa mbali na kuwakalisha na wao. Jeremia akapanda, akajifunga, akavutiwa chenso, akaifunga kwa katani. Nikaizungusha kamba yangu kwenye shina. Viganja vilikuwa na ngozi mpya, laini, na moyo wangu ulikuwa unapiga vilevile kama siku ile. Msidhani nilikuwa nimepona. Sijapona mpaka leo.

Akawasha. Kisha akazima. 

"Mama Bariki!" akaita kutoka juu, kwa sauti ambayo hata wanaoanika dagaa kule chini waliisikia. "Naogopa!"

Wale vijana wanne wakaangua kicheko. Mmoja akajipiga paja, eti fundi mzima, eti Jeremia.

Niliikaza kamba, nikawageukia.

"Nani anacheka?" nikauliza. "Anayecheka asimame, avue viatu, apande yeye."

Hakusimama hata mmoja.